Alhamisi Koko alikula nini?

Jumamosi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha ukungu juu ya ziwa, na mimi nimekaa jikoni nina matope hadi magotini. Sijaoga. Nataka kuandika kwanza, kabla furaha hii haijapoa.

Ndiyo, ni furaha. Leo nimelipiza kisasi.

Nyumbani tuko watatu: mimi, Mama, na Koko, yaani nyanya yangu mzaa mama. Mama huvuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza kabichi Bukavu, upande wa Kongo, na hurudi jioni amechoka. Koko ana kisukari tangu tulipokuwa bado Kongo. Kaka yake Mama, Tonton Alphonse, anakaa ua wa pili. Anauza vipuri vya pikipiki mjini Kamembe, na anajua kuongea kuliko watu wote ninaowafahamu. Mimi sijui kuongea. Darasani nikijua jibu natazama meza mpaka mwalimu amtaje mwingine.

Mwaka huu kituo cha afya kilianzisha mpango. Kila mgonjwa wa kisukari anachagua msindikizaji katika familia, mtu wa kumkumbusha vidonge, kumpikia chakula kinachofaa, kumtembeza. Mara moja kwa mwezi mgonjwa anapimwa damu ya kidole. Sukari ikiwa nzuri, msindikizaji anatumiwa pesa kwenye simu. Nilipousikia nilifurahi, na bado naamini aliyeubuni alikuwa na akili. Mboga na maharage vinagharimu kuliko mihogo, na nia njema haijazi kikapu sokoni.

Koko alimchagua Tonton, kwa sababu ni mtoto wake wa kiume na kwa sababu Tonton alijichagua kwanza.

Tatizo ni kwamba siku ya kupimwa inajulikana. Hapa mtaani watu wameshaipatia dawa yake, wanaiita kusafisha damu. Siku mbili kabla ya kipimo mgonjwa hali kitu, anakunywa maji tu. Kidole kinasema vizuri, simu inalia, na jioni hiyohiyo mgonjwa anarudi kwenye ugali wake na juisi ya ndizi. Wanacheka wakisimuliana. Hata mimi nilikuwa nacheka.

Juzi Alhamisi nilirudi shuleni nikakuta jiko limezimwa. Koko alikuwa amekaa kitandani, midomo imekauka. Nilitaka kumpikia, Tonton akasimama mlangoni.

"Acha. Kesho banapima. Njaa ya siku mbili haiue muntu."

"Na vidonge?" niliuliza, kwa sauti ndogo kama kawaida yangu.

"Vidonge amemeza. Mimi si mujinga."

Nilisoma katika kitabu cha biolojia, na muuguzi pia aliwahi kusema, kwamba vidonge vile vinashusha sukari hata kama tumboni hamna kitu cha kushusha. Nililijua hilo. Nikaenda kuosha sufuria ambazo hazikuwa na uchafu.

Jana, Ijumaa, Koko alipimwa. Vizuri sana, wakamsifu. Tonton akapanda pikipiki kurudi kazini, akamwacha arudi kwa miguu. Nilimkuta karibu na bomba la maji nikitoka shule, ameanguka, anatetemeka, jasho linamtiririka na hanijui. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nilikimbia duka la kwanza, nikakoroga sukari kwenye maji, nikamnywesha kidogo kidogo nimemwegemeza kifuani. Sukari, kwa mgonjwa wa sukari. Mwenye duka alidhani ninamuua.

Alipofungua macho akajua ni mimi, sikulia. Nilijua kuwa nitamwaibisha Tonton, na kwamba aibu ya chumbani haitanitosha.

Jana jioni nilifanya mazoezi ya kuongea mbele ya mbuzi wetu. Aliendelea kutafuna.

Basi leo. Tulizibua mfereji wa barabarani, kisha tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano kama kila mwisho wa mwezi. Mkuu wa mtaa alizungumza habari za mutuelle, ile bima ya afya, na za usafi. Muuguzi wa kituo alikuwepo, akasema kuna wasindikizaji wanaofanya vizuri, na angependa mmoja atoe ushuhuda. Tonton alikuwa ameshasimama kabla muuguzi hajamaliza.

"Mama yangu namuchunga kama yayi," alisema, mikono ameifumba kama ameshika yai lenyewe. "Muzazi ni mumoja. Nyinyi batoto ba leo munalala, mimi niko naamuka kumutazama."

Watu wakapiga makofi. Koko aliketi mbele na kitenge chake cha kanisani, akitazama chini.

Nikasimama.

Nikasema, "Tonton, nina swali. Alhamisi Koko alikula nini?"

"Alikula kama siku zote."

"Alikula nini?"

Mama mmoja nyuma akacheka. "Papa Alphonse, mutoto anauliza menu!"

"Mboga," alisema Tonton. "Mboga na maharage. Kaa chini sasa."

"Sufuria ninaosha mimi," nikasema. "Zilikuwa kavu. Alikunywa maji. Jana pia, mpaka akaanguka bombani. Lakini vidonge ulimpa."

Vicheko vikakatika. Muuguzi alisogea mbele. "Alimeza vidonge bila kula?" Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Tonton, mara mbili, na yule mtu wa maneno mengi alifungua mdomo ukabaki wazi. Nilimtazama shingoni, jinsi mishipa ilivyosimama. Nilitazama kila kitu, sikutaka kipotee hata kidogo.

Mzee mmoja akanong'ona, "Sisi bote tunasafisha damu," na wenye wagonjwa wao wakaanza kujifanya wanatafuta vitu kwenye majani.

Muuguzi alisema kuanzia sasa atapita nyumbani bila kutoa taarifa. Alisema mtu anayemeza vidonge vile akiwa na njaa anaweza kulala asiamke. Kisha akauliza ni nani anapika kwetu. Nikainua mkono. Akasema basi msindikizaji ni mimi, na pesa, sukari ikikaa vizuri, zitakwenda kwenye simu ya Mama. Kwa hiyo nimemnyang'anya Tonton sifa na pesa pia. La pili sikulipanga. Limenipendeza zaidi ya la kwanza.

Sasa sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Njiani Koko hakutaka nimshike mkono. Tulipofika alifunga mlango, akaniambia maneno haya: "Alphonse nilimuzaa mimi. Umenivua nguo mbele ya bantu."

Nikamwambia angekufa.

"Ningekufa na heshima yangu," akasema. "Alisema na pesa hizo atanunua mabati ya nyumba hii. Nilikubali njaa mimi mwenyewe. Uliniuliza?"

Sikumuuliza. Nilimuuliza mbuzi.

Nimekaa hapa jikoni nikijaribu kujuta, kwa kuwa najua mtu mwema angejuta. Ninapomfikiria Koko, moyo unauma. Ninapomfikiria Tonton na mdomo wake wazi, natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Vyote viwili vipo na hakuna kinachokiondoa kingine.

Nimepika dodo, yaani mchicha, na maharage, na ugali mdogo. Nimempelekea. Alinigeuzia mgongo. Nimerudi sasa hivi kuchukua sahani: amekula yote, na bado hasemi na mimi.

Akae na hasira. Hasira inahitaji mtu aliye hai.

Jumatatu Tonton atapita mbele ya nyumba yetu kwenda kazini, hana njia nyingine. Mimi ambaye huwa nasalimia watu kwa kutazama viatu vyao, nitasimama barabarani nimtazame usoni, nimsalimu kwa sauti ya kusikika na majirani. Kisha nitangoja aitikie.