Duara Hafifu Juu ya Tagounite

Tagounite, 14 Novemba

Mjomba Moulay Hafid,

Salamu nyingi. Moyo unaendeleaje? Mkeo Zineb ameniambia umeikataa supu yake ya harira. Haya, huo ndio ugonjwa wenyewe.

Mimi mzima, ila nimeshindwa. Lile wingu la nyota inayokufa, ulilotaka kuliona kabla hujatuaga, sijalipata. Tangu Septemba, kila usiku usio na mwezi nimeelekeza darubini palepale. Nimepanga picha zote moja juu ya nyingine, nikasafisha mwanga wa nyuma kama ulivyonifundisha. Limebaki giza tupu. Baba ananicheka: "Tuda, unaupiga picha usiku wenyewe?"

Nakutumia zote, chafu na safi, uone mwenyewe. Darubini naiuza.

Mpwa wako, Tuda


Marrakesh, 19 Novemba

Mpwa wangu Tuda,

Salamu zimefika. Moyo unapiga ukijisikia. Harira ya Zineb haina chumvi; njoo unywe wewe.

Usiuze kitu! Nimezitazama zile chafu. Wingu lipo: duara pana, hafifu kama pumzi kwenye kioo, limejaza karibu nusu ya picha. Njia niliyokufundisha huona kila mwanga mpana kuwa uchafu, ikaufuta. Umelifagia wingu lako kwa ufagio wangu.

Nikiri jambo, maana muda umebaki kidogo. Mimi nilipiga picha za nyota tu, vitu vinavyong'aa. Sikuwahi kuwa na subira ya kitu hafifu namna hii. Watu waliniita bingwa, nikaitika. Bingwa ni wewe. Nilijua zamani, kiburi kikanifunga mdomo.

Safisha upya. Pima mwanga wa pembeni kabisa, nje ya duara, uondoe huo tu. Fanya haraka, binti.

Mjomba wako


Marrakesh, 8 Desemba

Tuda wangu,

Hujambo? Anayeandika ni Zineb, maneno ni yangu. Mkono wangu umegoma. Dereva wa basi ameileta salama picha uliyoisafisha upya.

Sina la kuongeza wala kusahihisha. Ule ukingo wa buluu, mwembamba vile, umeutoa wapi kwenye giza lile? Nimeutazama tangu asubuhi, chai imepoa.

Tumeitundika mbele ya kitanda. Leo daktari amekuja, akauliza, "Hii eksirei ya nani?"

Nikamwambia, "Ya mgonjwa mwingine. Anakufa vizuri kuliko mimi."

Akacheka, akataka kuondoka. Nikamshika koti mpaka akaliona duara lote, na mpaka akaweza kulitamka jina lako.

Mjomba wako