Zoezi la Kutukanwa

Nashville, Februari 1960

Dada Odessa,

Koti ulilotuma kutoka Chicago limemkaa Verlene barabara. Uliniagiza nimzuie binti yako asiende kuketi kwenye kaunta ya chakula ya Wazungu, ambako sisi Weusi hatuhudumiwi, nami nilitumaini kwamba mazoezi ya kanisani yangemkatisha tamaa. Huko sisi wenyewe huigiza Wazungu wenye hasira, na vijana hujifunza kutulia bila kujibu matusi. Niliomba nimtukane mimi.

"Mjomba, hiyo ni sauti ya mwalimu wa falsafa," aliniambia. "Nitukane vizuri, la sivyo nitasinzia."

Basi nikamtukana kwa maneno tuliyotupiwa mimi na wewe utotoni, kisha nikammwagia kichwani kahawa iliyopoa. Akafungua kitabu chake, akaendelea kusoma. Ni mimi niliyekimbilia kitambaa nimfute.

"Umemaliza, Mjomba? Haya, keti. Zamu yako."

Niliketi. Sikuweza kumzuia, Odessa, na sasa sitaki. Kesho tunakwenda pamoja. Kiti cha kushoto kwake ni changu. Nilimshauri aliache koti lako, lisije likaharibiwa. Amekataa.

"Mama alinitumia nivae," amesema, "siyo nitundike."

Mdogo wako,
Thaddeus