Jina Lililoitikiwa Kando ya Ziwa Baringo

Kaptembwo, Nakuru.
14 Januari 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Kipkemboi,

Wewe mtoto una kichwa kigumu! Miaka mitatu huko Doha, na siku hizi hata simu yako haishiki. Unakula? Ule mgongo bado unakusumbua? Mimi niko, ni magoti tu yananipigia kelele. Anayeandika ni shangazi yako Chepkurui. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapaka sukari.

Desemba tulienda likizo. Usicheke. Kanisa lililipia familia za huku mtaani sehemu kubwa, tukaongeza kidogo, tukalala Baringo kama wageni. Nilidhani ni ujinga, watu wazima kupelekwa kuangalia maji. Lakini hapa dada yako Jepkosgei anafulia watu nguo kutoka alfajiri, Chepkurui yuko sokoni, tunaonana migongo tu. Kule tulikaa pamoja, tukacheka mpaka mbavu zikaniuma. Jepkosgei alilala mchana!

Ndipo tukakumbuka mtoto wake. Jina la kanisa analo, la wazee hana, maana hatujawahi kupata siku moja wanawake wote tumekaa tumwitie.

Tukaketi kando ya ziwa saa sita mchana. Maji yamepanda yakameza nyumba; unaona mapaa tu, na miti iliyokauka imesimama ndani kama watu wanaongoja. Upepo hakuna. Nikaita waliotangulia mmoja mmoja, ili mtoto apige chafya likitajwa jina la yule aliyerudi ndani yake. Babu yako, kimya. Baba yako, kimya. Nikachoka, nikasema kwa hasira, "Basi nimwite Kipkemboi, si naye amepotea kama hao!"

Mtoto akapiga chafya.

Chepkurui akaniuliza, "Mama, huyo si yuko hai?" Jepkosgei akamvuta mtoto kifuani. Halafu jina lako likaitwa tena, polepole, kutoka kwenye yale mapaa. Mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Jepkosgei amekataa kabisa tumwite hivyo. Lakini nikipita, mtoto ananitazama vile ulikuwa unanitazama ukitaka maziwa ya mursik kwenye kibuyu.

Kanisa linasema Agosti tutaenda tena. Nafasi yako nimeiweka, na mtu asiiguse.

Jepkosgei na shangazi yako wanakusalimu. Mungu akufunike popote ulipo, akuache na joto mwilini.

Ni mimi kogo, nyanya yako, nikupendaye hata nikikugombeza.

Ukija, usiingie kimya. Njoo mchana, simama mlangoni, utaje jina lako mwenyewe kwa sauti. Mtoto akilia, nitajua uko hai, ingia. Akipiga chafya, baki hapo nje mpaka nije nikushike mkono.