Jembe Lililopiga Magoti

Mjukuu wangu Amani,

Huku Goma tuko wazima, na maharagwe ya bibi yako yametoa maua. Unauliza kwa nini fundi wako anakulazimisha kupaka mafuta pistoni inayonyanyua jembe la trakta kabla ya kuirudisha ndani ya silinda yake, wakati mafuta yatajaa humo baadaye.

Mimi ujanani niliwahi kurudisha kavu pistoni kama hiyo, kule Masisi. Mafuta kidogo niliyopewa ya kuipaka niling'arishia viatu, kwa sababu padri alikuwa anakuja kubariki shamba la baba yake bibi yako, na nilitaka mzee huyo anikubali niwe mkwe. Jembe la trakta lilinyanyuka vizuri. Padri alipoanza kusali, likashuka polepole mpaka chini.

"Ata mashini iko inapiga magoti," padri akasema.

Tulipofungua, tulikuta mpira wa pistoni unaozuia mafuta yasivuje umechanika; ulichanika nilipouingiza mkavu. Mafuta yaliyojaa baadaye yaliukuta hivyo, yakavuja, na jembe likashuka. Mzee akatazama miguu yangu.

"Kijana, mafuta ya pistoni njo hii iko ku viatu?"

Nilirudia kazi yote bila viatu, naye akakaa kunitazama nikipaka. Mwaka uliofuata mzee akaniozesha binti yake, huyo bibi yako. Mpaka leo nikipiga magoti kusali na goti likalia, bibi yako huuliza kama nimelipaka mafuta.

Babu yako