Matanga Waliyoyaondoa Bila Mimi

Jumanne, baada ya sala.

Mungu anisamehe, lakini yule binti mtafiti wa chuo kikuu nilimchukia kabla hajamaliza chai yangu.

Anachunguza wapenzi wa mchezo wa redio ambamo marehemu mke wangu aliigiza bibi kizee mchongezi. Eti hadithi haikai tena redioni: wapenzi wenyewe huiendeleza katika makundi ya simu, kwa katuni na sauti wanazorekodi. Kisha akanionyesha. Bibi kizee wao amekufa, nao wamemwondolea matanga mtandaoni, kwa hotuba, picha ya mke wangu na vicheko.

Nami mgane wake, ambaye kwa desturi ndiye wa kuita watu siku hiyo ya kumaliza maombolezo, ya kwangu bado sijayaondoa. Sijaweza.

“Mzee, apana kukasirika,” akasema. “Watu walimupenda tu. Sasa wanaomba sauti yake, kama uko nayo mu simu, hadithi iendelee.”

Nilimwomba radhi, nikamwambia sina.

Ninayo. Humo mke wangu ananiita nirudi nyumbani, chakula kinapoa. Hiyo hawaipati, hata mmoja wao.