Chubwi Kwenye Pindo la Joho

Harmon's Ford, Alabama
Jumanne baada ya ubatizo

Mdogo wangu mpenzi Eula,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limekuachia ulale, na yule jirani wa ghorofa ya juu amechoka kupiga tarumbeta. Mimi mzima, ila kifua kinaniwasha kidogo kwa maji niliyokunywa, na hayo maji ndiyo habari yenyewe.

Najua binamu yetu Lavada amekwisha kukupigia simu, maana hajawahi kuacha habari ipoe. Najua pia amekwambia kwamba Earline Stokes alitaka kuniua mtoni mbele ya kanisa zima. Nakuomba ukae, uvae miwani, usome mpaka mwisho kabla hujamtukana mtu.

Unakumbuka nilivyoondoka Detroit. Earline alinipigia simu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anakufa, niende, kisha akakata. Nilipanda basi kesho yake. Njia nzima niliogopa. Niliogopa kumkuta kitandani, amesinyaa, amekuwa na adabu. Nimekuwa na marafiki wengine, lakini Earline ananijua tangu hatujaota meno ya pili, na mtu wa namna hiyo akiondoka, anaondoka na nusu ya mambo yako.

Nilimkuta juu ya ngazi akichuma tini, kofia imekaa upande juu ya wigi. Niliweka sanduku chini nikamkumbusha kwamba alisema anakufa.

“Nakufa,” akajibu bila kugeuka. “Kwani nilitaja siku? Shika hiyo ndoo.”

Sikusema naye mpaka jioni. Alinikaangia kambare, akanipa mkate wa mahindi na chai baridi yenye sukari ya kumwangusha farasi, ndipo akanieleza alichoniitia. Ni habari ya makaburi. Mumewe, Clovis, amelala katika uwanja wa kanisa letu la Mlima Nebo. Ubavuni kwake pameachwa nafasi ya Earline, na baada ya hapo imebaki nafasi moja tu katika safu ile. Kanisa limeamua kwamba sehemu zilizobaki ni za waliobatizwa katika mto wetu, na tayari watu wameanza kuzinyemelea. Earline alisema Clovis alikoroma miaka yote ya ndoa, na yeye hakusudii kungojea ufufuo akiwa na Clovis upande mmoja na Lavada upande wa pili. “Nakutaka wewe,” akasema. “Na wewe hujabatizwa, Vonceil. Ulikimbia.”

Hii habari hukuwahi kuambiwa, Eula, kwa sababu ulikuwa bado wa kubebwa na Mama aliipiga marufuku nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mnene kama nilivyo sasa. Joho langu la ubatizo lilikuwa la binamu mwembamba, kwa hiyo Bibi alilifumua akaliongeza kitambaa. Unajua desturi: pindo la joho hushonewa chubwi, vile vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia ndoano, ili maji yasiliinue. Bibi alizitoa ili afumue, akasahau kuzirudisha. Nilipofika kwenye maji ya kiuno, joho likafunguka kama mwavuli, likaelea kuzunguka kwapa zangu. Chini yake nilivaa chupi ya gunia la unga, na upande wa nyuma, safi kabisa, alikuwapo jogoo mwekundu, nembo ya kiwanda.

Kanisa zima lilicheka. Wazee wa kanisa walicheka. Mchungaji aliuma mdomo. Earline, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, alishika joho lake akalivuta mpaka kichwani ili watu wawe na wawili wa kuwacheka, na alichapwa kwa ajili hiyo. Mimi nilitoka majini nikakimbia mpaka nyumbani. Tangu siku ile mvulana aitwaye Hosea Biggs akaniita Jogoo, na wengine wakafuata, mpaka nilipopata umri wa kupanda basi la kwenda kaskazini.

Ulidhani nilifuata kazi. Kazi niliipata, nikaipenda, na miaka yangu ya maktaba siijutii. Lakini umewahi kuniona nimevaa nguo ya mikono mifupi? Unamkumbuka Otis, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akinialika ziwani? Nilimwambia nina mafua. Nilikuwa na mafua kiangazi kizima, na mwishowe Otis akaenda ziwani na mwanamke mwingine, akamwoa.

Kwa hiyo Earline aliposema mto, nilikataa. Asubuhi yake akanipeleka makaburini, akalala chali kwenye nafasi yake, viatu na vyote, akaniambia nilale kwenye yangu, nipime. Nililala. Nyasi zilinichoma shingoni. Nikasikia mdundo wa moyo wangu ardhini, nikawaza kwamba huko kaskazini nitalala kati ya watu wanaonijua kama Bi Pruitt wa maktaba, mtu mwenye heshima, asiye na kitu cha kuchekwa. Wazo hilo lilinitisha kuliko mto. Nilimwambia Earline sawa. Akasema nimpe mkono ainuke, mgongo umemkamata.

Joho alilishona yeye mwenyewe, pana vya kutosha, na chubwi alizitoa katika sanduku la uvuvi la marehemu Clovis, chache tu, akizitawanya vizuri kuzunguka pindo. Alinionyesha. Nikasema ni zuri. Lakini asubuhi ya ubatizo, alipokuwa jikoni na keki yake, nilishika lile pindo nikaliona jepesi. Nilimwona jogoo waziwazi, ingawa chupi zangu siku hizi hazina picha. Nikafumua pindo, nikachukua sanduku la Clovis, nikatia chubwi nyingine, na nyingine, zile kubwa za kuvulia kambare wa kilindini. Nilitia mpaka pindo likanyamaza. Kisha nikashona, nikavaa, na sikumwambia mtu.

Hapo mtoni palikuwa vilevile, hata harufu ya matope. Watu wamejipanga ukingoni na mapepeo yao ya karatasi, wale akina mama wenye kofia za Jumapili wanaimba polepole, na Hosea Biggs, mzee sasa, ameketi kwenye kiti cha kukunja mstari wa mbele kama mtu aliyelipia. Mchungaji Tolliver ni kijana mwembamba. Nilipomwona anasimama katika maji yale nilijua nimefanya kosa, lakini aibu ya kurudi ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kwenda. Kila hatua joho lilinivuta miguu. Watu walidhani natembea kwa unyenyekevu. Lavada alisema kwa sauti ya kusikika kwamba tazameni Roho anavyomtuliza.

Mchungaji alinishika mgongo, akasema maneno yake, akanilaza. Nikazama. Nikangoja kuinuliwa. Nilihisi mikono yake inavuta, inateleza, inavuta tena, na pindo limejikunja kwenye miguu yangu kama mtu amenikumbatia magoti. Nilifungua macho, nikaona rangi ya chai na juu yake mwanga uliokuwa mbali kuliko ulivyostahili kuwa. Nilitaka kupiga kelele nikanywa mto. Nakwambia ukweli, sikuomba dua. Nilifikiri: watanitoa na kulitazama hili pindo, na watajua nilikufa kwa kuogopa kuchekwa.

Kisha ikaja mikono mingine. Nilizijua zile kucha. Earline alikuwa ameingia mtoni na gauni lake la zambarau, viatu miguuni na mkoba mkononi, akanishika ukosi wa nyuma akavuta mpaka mshono aliouweka mwenyewe ukachanika toka shingo hadi kiuno. Nikatoka katika lile joho kama ndizi kwenye ganda. Nilisimama katikati ya mto, mbele ya Mlima Nebo wote, nimevaa shimizi na kibana tumbo, kila nilichokificha maisha yangu yote kimelowa na kinaonekana.

Pakawa kimya. Kimya kile, Eula, kilinitisha kuliko maji. Nilijua kitakachofuata, kwa kuwa nilikuwa nikikingojea tangu nina miaka kumi na miwili.

Kisha nikaona kitu cheusi kinaelea kwa utaratibu kufuata mkondo, na Shemasi Fitch anakipiga kwa fimbo akisema jamani panya wa maji, rudisheni watoto nyuma. Ilikuwa wigi ya Earline. Nikamgeukia. Kichwa chake kilikuwa kidogo, kina nywele nyeupe kama manyoya ya kifaranga, na mkoba bado mkononi. “Mwambieni aache kuipiga,” akasema. “Hajatambulishwa nayo.”

Nilicheka. Mimi ndiye niliyeanza, na nilicheka mpaka nikatapika maji. Ndipo ukingo wote ukaangua kicheko. Kutoka kwenye kiti chake Hosea aliuliza kwa sauti ya kizee kama yule si Jogoo.

“Ndiye mimi, Hosea,” nikamjibu. “Nimenenepa tu.”

Akavua kofia. Mchungaji, akitetemeka, alinong'ona kwamba hana hakika kama ubatizo umetimia kwa taratibu. Earline alimwambia, “Mwanangu, kama unadhani hakukaa chini vya kutosha, shuka ukaangalie.” Ubatizo umeandikwa kuwa umetimia.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Joho lilipovutwa nchi kavu, Earline ndiye aliyelichukua. Akalishika pindo, akausikia uzito wake, akanitazama. Alijua. Lavada akauliza kwa ukali ni nani mpumbavu aliyeweka chubwi zote zile, na Earline, bila wigi, viatu vimejaa matope, akasema ni yeye, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Mimi nilikuwa nimefungwa blanketi, meno yanagongana, nikanyamaza. Tangu Jumapili watu wanamsema, wanasema amezeeka asiachiwe hata sindano. Yeye anaendelea kumenya tini zake. Nilipomwambia nitasema ukweli, alisema niwaache, kwani yeye amezoea kuvuta joho lake juu ya kichwa.

Jumapili ijayo nitasimama kanisani nikaseme. Naogopa, Eula, ndiyo maana nimeanza na wewe. Umekuwa wa kwanza kujua kwamba chubwi zile nilizitia mimi.

Na la pili, ambalo limenisumbua zaidi kuliandika: sirudi Detroit. Earline amenipa chumba cha mbele, na ile nafasi nyingine nimeshaipima. Nafasi ya kaburi uliyoniwekea huko kando yako mpe mtu anayestahimili theluji. Usidhani nimekuchagulia mwingine. Njoo mwezi wa kumi, njugu za pekani zikianza kuanguka mitini, uone mwenyewe.

Nisalimie wanao, na dada wote wa maktaba. Mwambie mpiga tarumbeta nimemsamehe. Earline anakusalimu, anauliza nywele zako ni zako au umenunua, kwa sababu wigi yake, aliyoianika juani, imekauka vibaya. Ninakuandikia nikiwa barazani, mikono wazi mpaka mabegani, na mbu wamefurahi.

Dada yako akupendaye,

Jogoo