Jinzi Yenye Mstari

Mama mdogo kipenzi, shikamoo ya mbali, na kuku wako nawasalimu.

Hapa Wheaton, Marekani, baridi inang'ata masikio, ila mwanao anatesa. Jana nilikwenda kuomba kazi kwa dobi, mzee wa Kikorea, nimevaa ile jinzi uliyonichagulia mitumbani. Niliipiga pasi ulivyonifunza, mstari wa mbele unakata nyanya. Kumbe huku jinzi haipigwi pasi! Mzee akacheka mpaka akashika meza. Nikajua kazi ndiyo imeota mbawa.

"Kijana, hii ni suruali ya wachimba madini," akasema. "Waliianzisha wageni wawili: Mjerumani muuza vitambaa, na fundi cherehani kutoka upande wa Urusi. Fundi ndiye aliyetia hivi vijisumari vya shaba mifukoni, isichanike."

"Basi mzee, humu dukani wageni tuko watatu," nikamjibu. "Wewe, mimi na suruali."

Akainama, akaupitishia kidole mstari wangu toka gotini hadi chini.

"Nani kapiga?"

"Mimi. Kanifunza mama."

Akanikabidhi pasi. Naanza Jumatatu.

Marekani nzima itanyooka, mama, kwa mkono wako. Nakukumbatia mpaka mbavu zilie.

Mwanao Shabani